Pete ya Kukulia

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa akitengeneza wanyama ambao Mungu hakuwaumba. Aliwatengeneza wadogo, wa kukaa juu ya kidole: mamba mwenye uso wa mwanamke, simba mwenye mabawa, ndege wa vichwa vitatu vinavyogombania mdudu mmoja. Tulikaa Murara, mtaa wa mji wa Goma, katika nyumba ya mbao kama zote za jirani, na jiko lake la kuyeyushia shaba lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe meusi ya volkano. Watu wa ONG, wageni wa mashirika ya misaada, waliopanda kutoka Himbi walinunua pete zile wakicheka, wakasema zimetoka katika hadithi. Watu wetu walizinunua pia, ila wao hawakucheka.

Sitampamba Papa. Alikuwa fundi, fundi wa kweli, na alikuwa mwongo. Mimi, binti yake, nimerithi kazi yake, na miaka yote hii nimejaribu kurithi kitu kimoja na kukiacha kingine.

Kazi yenyewe ilianza na nta. Papa aliokota vipande vya mishumaa ya kanisa, akachanganya na nta ya nyuki, akamchonga mnyama kwa msumari na kwa ukucha wake wa kidole gumba, aliouacha mrefu kwa ajili hiyo tu. Mimi nilikanda udongo wa kichuguu na majivu, tukamfunika yule mnyama hadi akapotea. Donge lile likichomwa, nta inakimbia kwa tundu la chini, ndani panabaki nafasi tupu yenye umbo lake, na shaba iliyoyeyuka inaingia kuijaza. Kisha unavunja udongo. Nilipenda sana kuvunja udongo. Sijawahi kuzoea, hata leo, kuona kitu kinatoka ambacho muda mfupi uliopita hakikuwepo.

Shaba ilikuwa ya njano, ya robine za maji, ya funguo na makufuli. Baada ya mlima kumwaga moto wake katikati ya mji na nyumba za watu kuzikwa, malori yalisomba vifusi na kuvimwaga huku na huko, na mwenye nguvu ya kupiga chuma juu ya mawe aliweza kupata robine iliyogeuka donge. Papa alisema shaba hiyo ni tamu kuliko nyingine. Ni kweli, huingia vizuri kwenye udongo. Angeishia hapo, ningekuwa leo naandika jambo lingine.

Siku moja alikuja mama mmoja wa Keshero, muuza mboga za lengalenga, akiwa na huzuni. Mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa kwa mazuku. Kwa asiyeijua Goma: mazuku ni pumzi inayotoka ardhini, haionekani, hainuki, inajilaza katika mabonde na mashimo, hasa asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Kinachoingia humo kinalala, na hakiamki. Wazee walisema ni pumzi ya wafu waliokataliwa mapumziko, waliofungiwa ndani ya mlima. Mama yule alimuuliza Papa kama hana kitu cha kulinda watoto, kwa sababu safari hii ilikuwa mbuzi.

Nilikuwa nimekaa kando ya Papa, mikono imejaa udongo. Nilimwona akifikiri. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba alichukua muda kufikiri, kama anavyofanya kabla ya kuchonga.

"Iko nyama moja mu mulima ndani," akasema. "Iko nyoka, lakini na masikio ya mbuzi. Yeye njo anakulaka ile pumuzi mubaya. Banamuita Mumeza. Hii shaba yetu ilipita mu moto yake. Mutu akivaa Mumeza ku kidole, mazuku inamujua, inapita mbali."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu kila siku ya maisha yangu, nimesikia hadithi zake zote, na hili jina la Mumeza sikuwa nimelisikia hata mara moja. Nikaamini palepale. Mama wa lengalenga aliagiza pete nne, na jioni ile Papa akakaa kuchonga, kwa mara ya kwanza, nyoka mwenye masikio ya mbuzi.

Alitoka mzuri mno. Ninakiri hivyo kwa uchungu. Alijizungusha kidole mara mbili, mdomo wazi, na masikio yake yamelala nyuma kana kwamba anakimbia. Ndani ya miezi michache ukienda Keshero uliona Mumeza juu ya vidole vya wauza samaki, vya wapagazi, vya wanafunzi. Mimi pia nilikuwa nimevaa wangu. Papa hakuwa na muda tena wa simba na mamba.

Aliyekataa ni koko, mama wa mama yangu. Koko alizaliwa huko Keshero kabla hapajaitwa mtaa, akazeeka hapohapo karibu na ziwa, na mazuku aliijua kama mtu anavyomjua jirani mwizi. Alikuwa na kikopo cha maziwa alichokitoboa pembeni, kimefungwa waya mrefu, na ndani yake aliweka kaa la moto. Kila asubuhi akishuka kuteka maji au kukata majani, alikishika kile kikopo chini, usawa wa kifundo cha mguu. Kaa likibaki jekundu, anaendelea. Likizimika, anageuka na kurudi, hata kama maji yamekwisha nyumbani. Na watoto wadogo hawakutembea kwa miguu yao asubuhi. Walibebwa mgongoni, wakubwa kwa wadogo, mpaka upepo uje.

Siku Papa alipompelekea pete, koko aliigeuza mkononi, akaisifu kazi, akamrudishia.

"Mazuku haiko na macho," akasema. "Itaona pete yako na nini?"

"Mama, bantu banaipenda," Papa akajibu.

"Najua. Bataacha makala ya kikopo sababu ya pete."

Papa alicheka kidogo, akabadilisha maneno. Mimi nilikasirika. Nilimwona koko ni mshamba, mtu wa vikopo, asiyejua shaba. Shuleni tulikaririshwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu. Ningevunjika ningeshukuru.

Nilikuwa na mdogo wangu, Solange, wa miaka minne inayokwenda mitano. Mtoto wa maswali. Alikuwa na tabia ya kulala popote usingizi unapomkuta, juu ya gunia la makaa, chini ya meza, na Mama akirudi sokoni alianza kwa kumtafuta. Niliamua kumtengenezea Mumeza wake kwa mikono yangu, bila kusaidiwa, toka nta mpaka kung'arisha kwa limau na majivu. Ilikuwa pete yangu ya kwanza. Nilitaka Solange alindwe, hilo ni kweli, lakini nilitaka pia Papa aiangalie aseme mimi ni fundi.

Nikampima kidole kwa uzi. Kisha nikaongeza. Hapo mtu wa kwetu atanielewa. Mama alipotununulia iniforme za shule alinunua kubwa, mikono inafunika vidole, ili tukue nayo. Viatu vya Noeli vilikuja vikubwa, vikajazwa makaratasi mbele. Hakuna kitu cha mtoto nyumbani kwetu kilichotoka dukani kikiwa sawa naye, kwa sababu mtoto hatabaki alivyo. Nikampimia Solange pete ya kukulia. Niliihesabia mpaka afikishe miaka kumi. Nikazungusha uzi mwekundu upande wa ndani ili isimtoke, nikaipeleka mbele ya Papa.

Papa aliiinua kwenye mwanga, akapitisha ule ukucha wake katikati ya masikio.

"Ni muzuri," akasema. "Ni kubwa, lakini ni muzuri."

Sikulala kwa furaha.

Ilipofika konje kubwa, likizo ndefu ya shule, tulipelekwa kwa koko, mimi na Solange, kama kila mwaka. Karibu na nyumba yake palikuwa na bonde dogo, sakafu yake chini kuliko barabara kwa urefu wa nyumba, na humo malori yalikuwa yamemwaga vifusi vya mji. Koko alitukataza kushuka humo asubuhi. Mchana, upepo ukiwa umefika na kikopo kimepita mbele, haya. Asubuhi hapana. Nami nilijua Papa anaishiwa shaba. Nilijiona narudi Murara na gunia zito, nalimwaga mbele yake, ananyamaza kwa mshangao.

Asubuhi moja koko alikwenda misa ya kwanza. Kikopo alikiacha kimening'inia mlangoni, na makaa jikoni bado yalikuwa hai. Kabla hajaondoka alisema, "Mubaki hapa. Nikirudi tutakunywa uji." Nilisubiri hadi kitambaa chake cha kichwa kipotee barabarani, nikachukua chuma cha kuvunjia na gunia. Solange akaanza kulia kwamba nisimwache. Nikamshika mkono.

Pale mlangoni nilisimama. Nilikitazama kile kikopo. Sitajidanganya kwamba nilikisahau. Nilikitazama, nikakumbuka jinsi kinavyounguza mguu ukitembea vibaya, nikakumbuka kwamba mikono yangu ina chuma na mtoto, kisha nikatazama kidole changu na kidole cha Solange. Nikakiacha. Na kwa kuwa mgongo wangu nilikuwa nimeuwekea gunia, Solange akashuka kwa miguu yake.

Chini palikuwa kimya sana. Hakuna jani lililotikisika. Solange aliona ndege wawili wadogo kando ya jiwe, akachuchumaa.

"Balala," akaniambia kwa sauti ya chini, asiwaamshe.

Niliwaona. Nilijua ndege hawalali vile, miguu juu. Na ninachoweza kusema ni hiki tu, kwamba nilifurahi. Nilifikiri: kumbe ni kweli, mazuku iko hapa, na sisi hatujisikii kitu. Inatujua.

Nikaanza kupiga. Kulikuwa na kipande cha sinki kilichobanwa kati ya mawe mawili, na robine bado imeshikamana nacho, nzima. Nilimwambia Solange aniokotee mawe yanayong'aa, yale mepesi kama kioo. Akaokota kidogo. Kisha akasema, "Nasikia usingizi." Alisema hivyo kila siku ya Mungu. Sikugeuka hata kumtazama.

"Lala kidogo," nikamwambia. "Nikimaliza nitakuamusha."

Nilipoinama kushika robine, kichwa kikaniuma kwa ghafla, kifua kikawa kizito, nikahisi kama nimepanda ngazi mbio. Nikasimama wima, nikapata nafuu. Nikainama tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu ndipo nilipogeuka. Alikuwa amelala ubavu, mashavu mekundu, mkono chini ya shavu, uso wa mtu aliyelala vizuri. Nikamwita. Nikamwinua, na shingo yake haikushika kichwa. Uzi mwekundu ulikuwa umefunguka, unaning'inia kidoleni, na pete haikuwepo.

Nilipanda naye sijui vipi. Juu barabarani alikuwepo mzee mmoja na baiskeli, akamlaza kwenye nyasi, akampulizia, akamsukuma kifua, akafanya kila alichojua. Kisha akavua koti lake akamfunika, na akaanza kulia yeye, mtu mzima tusiyemjua. Mimi sikulia. Niliendelea kumwambia kwamba ameivua, ameivua, ingekuwa kidoleni asingekufa.

Maneno yale yalitoka mdomoni mwangu mwenyewe. Kabla hata ya jeneza kufika yalikuwa yamezunguka Keshero na kupanda Murara. Kwenye kilio wanawake walinishika mkono, wakanigeuza vidole, wakatikisa vichwa, wakasema: Muone, mukubwa alikuwa nayo, ako muzima. Mudogo ilimutoka. Bote balikuwa fasi moja, mu ile bonde, saa moja. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka na kiatu kimoja cha Solange, akikivua na kukivisha mkono wake.

Jioni mjomba wa Papa, mtu mwenye heshima, alimuuliza mbele ya wote. "Muzee, tuelezee. Wewe njo unajua ile kazi. Ilikuwa namna gani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na ninajua sasa kwamba kila kitu cha maisha yangu kilikuwa kinamsubiri aseme. Papa alikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua. Angeweza kusema pete haifanyi kitu, kwamba Mumeza alitoka kichwani mwake siku ya mama wa lengalenga. Alichukua muda kufikiri.

"Ilikuwa kubwa," akasema. "Mutoto alimupimia vibaya."

Basi. Watu wakapumua. Wakaja mmoja mmoja kuniambia nisilie, mtoto hakosei kwa kutaka, ni Mungu. Nilisamehewa na mtaa mzima.

Kesho yake baada ya mazishi, alfajiri imeshakuwa asubuhi, koko alituita wawili, Papa na mimi, akatupeleka hadi kando ya lile bonde. Hakutukaripia. Aliniambia nivue pete yangu. Akaipitisha kwenye waya wa kikopo, Mumeza akakaa juu ya kaa la moto, mdomo wazi. Kisha koko akateremsha kikopo polepole kwa ule waya mrefu. Kilipofika chini, kaa likazimika. Akakivuta juu, akalipuliza, likawa jekundu. Akakiteremsha. Likazimika. Alifanya mara tatu, na mara tatu pete ilikuwepo.

"Umeona?" akamuuliza Papa.

Papa alitoa pete kwenye waya, ilikuwa ya moto bado, akaipuliza ipoe. Akanishika mkono.

"Vaa," akaniambia.

Koko hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Mama alikwenda kwake, na mimi nilikwenda, lakini yeye hakuja mpaka alipokufa. Na wanunuzi waliongezeka. Walitoka mbali, kutoka Sake na kwingine, wakitaka Mumeza wa yule fundi ambaye mtoto wake mmoja alipona na mwingine akapotea. Walitaka kuniona. Papa aliniita nioneshe mkono. Kila mtu aliyetaka pete ya mtoto alisisitiza ibane, isije ikawa kama ile.

Niliikuta hesabu ya kweli nikiwa mkubwa, na haikuwa hesabu ngumu. Mwalimu mmoja alituelezea kwamba hewa ile ni nzito, inajaa bondeni kutoka chini kwenda juu jinsi maji yanavyojaa beseni. Nilikuwa nimesimama. Kichwa changu kilikuwa juu yake, na cha Solange kilikuwa ndani, hasa alipolala, na mimi ndiye niliyemwambia alale. Kilichoniokoa ni urefu wa miguu yangu. Nilikaa darasani na kalamu mkononi, na kwa mara ya kwanza nikatamani Papa angekuwa amesema kweli. Pete iliyopimwa vibaya ni kosa la fundi, na kosa la fundi unalirekebisha mara ya pili. Hili lingine halirekebishwi.

Miaka ikapita, Papa akaugua maini. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, ukucha wake umekatwa na manesi, mkono unaonekana wa mtu mwingine. Nikamuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumi na tisa, na swali likatoka fupi.

"Papa, ulijua?"

Hakujifanya haelewi. "Nilijua."

"Tangu siku ya koko?"

"Hata mbele ya ile, tangu mwanzo."

"Sasa juu ya nini uliniachia mimi ile kosa?"

Akatazama ukuta. Alichukua muda, kama siku zote.

"Mimi singeweza kubeba," akasema. "Wewe ulikuwa mutoto. Nilifikiri utasahau."

Nilimpa kijiko kingine cha uji. Sijui nilipaswa kufanya nini. Alikufa kabla ya Pasaka, na watu wengi waliomzika walikuwa na Mumeza vidoleni. Sikumsamehe na sikumlaani. Nilichoka tu, na uchovu ule bado ninao.

Kazi nimeendelea nayo kwa kuwa sijui nyingine. Natengeneza simba wenye mabawa, mamba wenye nyuso, natengeneza wanyama ninaowaota. Mumeza niliacha. Aliyemwomba nilimtolea kisingizio kwamba udongo wake umevunjika.

Halafu vita vikasukuma watu kutoka milimani, wakajaza kila nafasi tupu ya mji, hata kule mbele ya Keshero ambako wenyeji hawajengi. Mahema juu ya mawe, mahema ndani ya mabonde. Kila baada ya majuma kadhaa tunasikia mtoto hakuamka. Asubuhi moja akaja kwangu mama mmoja, mwembamba, amefunga mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi. Alikuwa ametembea toka mahemani. Aliambiwa kuna mwanamke Murara aliyeingia mazuku na akatoka.

Nilimkalisha. Nikamwambia yote, jinsi nilivyoyaandika hapa. Sikuwa nimemwambia mnunuzi yeyote. Nilimwambia pete ni shaba tu. Nilimwambia habari ya kaa la moto, nilimwambia asiwaache watoto wakae chini asubuhi, wala wasilale chini, awabebe hadi upepo uje. Alisikiliza vizuri. Hakubisha. Mtoto wa mgongoni alikuwa anachezea shanga zake za shingo.

"Nimesikia, mama," akasema. "Ni kweli, naona ni kweli." Akakaa kidogo. "Lakini niko nabo batano. Hema yetu iko chini kabisa, banatulalisha pale, sikuchagua. Na mugongo iko moja. Nitabeba bangapi?"

Nilitafuta neno. Nilijua hewa, nilijua uzito wake, nilijua kikopo na waya. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu kuipata kweli, na nilipompa mtu mmoja aliyeihitaji, haikumtosha. Nilimkumbuka Papa akifikiri mbele ya mama wa lengalenga, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika kwamba siku ile alikuwa anafikiria kuuza. Huenda naye alitafuta neno akakosa. Huenda sivyo. Sitajua, na hata ningejua isingemrudisha mtu.

Nikamfanyia pete za Mumeza, zote tano. Zilinichukua siku nne. Alipokuja kuzichukua alikuja nao wote, wakasimama mbele yangu kwa kimo, mkubwa mpaka mdogo, akawavisha mmoja mmoja. Kisha akaniuliza, akinitazama usoni, kama zinalinda.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia wasikae chini. Sijui katika hayo mawili alisikia lipi.